Kutafuta Ndagala, Kupata Sambaza: Historia ya Vifaranga Waliokosa Jina katika Ziwa Kivu

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Goma kuelekea magharibi hufika Sake, mji mdogo ulioko kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu, mahali ambapo wilaya ya Masisi inagusa maji. Kutoka hapo barabara hupanda vilima vya malisho vya Masisi, kisha huteremka kuingia katika misitu ya Walikale, ambako mito ya Oso na Lowa hukusanya mvua na kuipeleka Lualaba. Samaki aliye maarufu kuliko wote katika masoko ya ziwa hili ni sambaza, samaki mdogo wa rangi ya fedha, ambaye akikaushwa husafiri mbali na maji. Mnunuzi humhesabu kuwa samaki wa nyumbani, kama kwamba amekuwako tangu milima ya Virunga iumbwe. Hata hivyo, mzee aliyezaliwa Sake kabla ya mwaka 1959 alizaliwa kando ya ziwa ambalo halikuwa na sambaza hata mmoja.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi samaki huyo alivyoingia ziwani, na kuonyesha kwamba kuingia kwake hakuwezi kufahamika vema pasipo kuzingatia jambo linaloonekana kuwa dogo: ugumu wa kutambua samaki akiwa katika umri wa yai, kiluwiluwi na kifaranga. Kiluwiluwi hapa ni samaki aliyetoka tu katika yai, ambaye umbo lake bado ni tofauti na la wazazi wake. Kifaranga ni yule ambaye amekwisha kupata umbo la samaki lakini hajakomaa. Hoja yetu ni kwamba historia ya Ziwa Kivu katika nusu ya pili ya karne ya 20 iliamuliwa katika umri huo, umri ambao samaki hana jina sokoni wala katika lugha ya kila siku.

2.0 Ukoo wa bahari katikati ya bara

Sambaza hujulikana kitaalamu kama Limnothrissa miodon. Asili yake ni Ziwa Tanganyika, anakoishi pamoja na ndugu yake Stolothrissa tanganicae, yule aitwaye ndagala au ndakala huko Burundi na Uvira, na ambaye Kigoma huhesabiwa katika dagaa. Limnothrissa mwenyewe huitwa lumbu huko Uvira. Wote wawili ni wa ukoo wa Clupeidae, yaani ukoo wa sadini na dagaa papa, ambao wengi wao ni samaki wa bahari.

Swali la jinsi ukoo wa bahari ulivyofika katikati ya Afrika liliwashughulisha wataalamu mapema. Mwingereza J. E. S. Moore, aliyesafiri Tanganyika katika miaka ya 1890, alichapisha mwaka 1903 kitabu kilichodai kwamba ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya kale. Alitegemea zaidi konokono na kiwavimaji wa ziwani, ambao kwa sura walifanana na wa bahari. Msafara uliofuata, wa W. A. Cunnington wa mwaka 1904 na 1905, ulirudi na samaki wengi, na kutokana na mkusanyo huo G. A. Boulenger alimtaja lumbu kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi mwaka 1906. Ndagala alipata jina lake la kitaalamu baadaye, mwaka 1917, kutoka kwa C. T. Regan.

Nadharia ya Moore haikudumu. Mwaka 2008 Wilson, Teugels na Meyer walilinganisha vinasaba vya samaki hawa na vya jamaa zao wa Afrika Magharibi. Walihitimisha kwamba mababu wao waliingia kutoka baharini upande wa Afrika Magharibi kati ya miaka milioni 25 na milioni 50 iliyopita, wakati bahari ilipofunika sehemu ya nchi kavu, kisha wakaenea kwa mito hadi Tanganyika. Kwa hiyo ziwa halikuwa bahari, ila wakazi wake hawa ni wahamiaji kutoka baharini. Jambo hili lina uzito katika mada yetu, kwa maana pamoja na nasaba ya bahari walirithi pia namna ya kuzaa ya samaki wengi wa bahari: kutaga mayai mengi madogo majini, bila kiota na bila malezi, na kuyaacha yaangue viluwiluwi wembamba, wenye mwili mwangavu kama kioo.

3.0 Mtoto asiyefanana na mama

Wahenga walisema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa samaki wa aina hii methali hiyo ni kweli katika nasaba, wala si katika sura. Historia ya elimu ya viumbe inayo mifano mingi ya wataalamu waliopotea kwa kuamini sura.

Mfano maarufu ni wa mkunga wa Ulaya. Mwaka 1856 Mjerumani J. J. Kaup alieleza samaki mdogo wa baharini, bapa kama jani na asiye na rangi, akampa jina lake la pekee kana kwamba ni spishi kamili. Miaka arobaini hivi ilipita kabla ya Waitaliano Grassi na Calandruccio kumweka kiumbe huyo katika chombo cha maji na kumwona akigeuka kuwa mkunga. Baada yao Mdenmarki Johannes Schmidt alitumia miaka mingi akivua viluwiluwi hao katika Atlantiki na kuwapima urefu. Alifuata mahali walipozidi kuwa wadogo, hata mwaka 1922 akatangaza kwamba mikunga huzaliana katika bahari ya Sargasso.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili. Silikanti, samaki adimu aliyedhaniwa kuwa alikwisha kutoweka pamoja na dinosauri, alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na baadaye akapatikana mara nyingi katika visiwa vya Komoro. Kwa muda mrefu wataalamu hawakuwa na hakika kama anataga au anazaa. Mayai makubwa yaliyopatikana ndani ya majike yaliweza kufasiriwa kwa njia zote mbili. Mwaka 1975, katika jumba la makumbusho la New York, lilipasuliwa jike lililovuliwa Anjouan mwaka 1962, na ndani yake wakakutwa watoto watano waliokaribia kuzaliwa. Miaka kumi na mitatu jibu lilikuwa limehifadhiwa ndani ya mama, na hakuna aliyelitazama. Tangu mwaka 2003 silikanti wamevuliwa pia Kilwa, Tanga na kwingineko katika pwani ya Tanzania, na mwaka 2009 hifadhi ya bahari kwa ajili yao ilianzishwa Tanga.

Kutokana na mifano hii tunaweza kutaja njia kuu za kumtambua mtoto wa samaki. Ya kwanza ni kumlea hadi ageuke, kama walivyofanya Grassi na mwenzake. Ya pili ni kupanga mfululizo: mtu huanza na kifaranga anayejulikana, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa kiluwiluwi mdogo kabisa, huku akihesabu pingili za misuli, nafasi ya tundu la haja na madoa ya rangi. Ya tatu ni kutazama ndani ya mama. Ya nne, iliyoenea katika karne hii ya 21, ni kusoma vinasaba. Njia tatu za kwanza hudai muda na subira, na ya nne haikuwako katika miaka ya 1950. Aidha, mtu anayebeba vifaranga wa dagaa kutoka ziwa moja kwenda jingine hana muda, kwa sababu samaki hawa ni dhaifu mno na hufa upesi wakishikwashikwa.

4.0 Ziwa lenye nafasi tupu

Ziwa Kivu liko mita 1,463 juu ya usawa wa bahari, ilhali Tanganyika iko mita 773 hivi. Mto Ruzizi unayaunganisha, lakini unashuka karibu mita 700 katika mabonde yenye maporomoko, na samaki wa Tanganyika hawakuweza kuupanda. Hapo kale maji ya Kivu yalielekea kaskazini, kwenye Ziwa Edward, hadi volkano za Virunga zilipoifunga njia hiyo. Ziwa lilibaki limetengwa, likiwa na spishi chache za samaki zilizokaa zaidi kandokando.

Uchunguzi wa Mbelgiji Hubert Damas katika miaka ya 1935 na 1936 ulionyesha jinsi maji ya Kivu yalivyojipanga kwa matabaka. Chini ya mita 60 au 70 hakuna oksijeni, na katika kilindi, kinachofikia mita 485 hivi, kuna gesi nyingi iliyoyeyuka. Msafara mwingine wa Kibelgiji wa mwaka 1952 hadi 1954, ambao matokeo yake yaliandikwa na J. Verbeke, ulithibitisha jambo lililowavutia watawala: katika maji ya juu palikuwa na planktoni, yaani vijidudu vidogo vinavyoelea, lakini hapakuwa na samaki wa katikati ya ziwa wa kuvila. Kwa watu waliotafuta chakula cha bei nafuu kwa wakazi wengi wa Kivu na Rwanda, hilo lilikuwa shamba lisilo na mkulima.

Mkulima aliyechaguliwa ni ndagala. Katika Tanganyika ndiye aliyevuliwa kwa wingi katikati ya ziwa, usiku, kwa taa. Mbelgiji A. Collart alisimamia kazi ya kuhamisha vifaranga kati ya mwaka 1958 na 1960, na mwaka 1959 ndio unaotajwa zaidi. Vifaranga waliotiwa Kivu walikuwa 57,400. Taarifa yake ilitoka mwaka 1960 katika jarida la kilimo la Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Kichwa cha taarifa hiyo kinamtaja samaki mmoja tu: Stolothrissa tanganicae, ndagala. Lakini walioingia majini walikuwa mchanganyiko wa spishi zote mbili, ndagala na lumbu.

Mchanganyiko huo haushangazi. Vifaranga wa spishi zote mbili huonekana karibu na ufuo, wote ni wembamba na wenye kung'aa, na wavu hauchagui. Samaki wakikomaa tofauti huonekana wazi zaidi: lumbu ni mkubwa na mnene kuliko ndagala, na vichujio vya matamvua ya ndagala vimesongamana zaidi. Kwa kifaranga wa sentimita chache alama hizo bado hazijakomaa, na hakuna awezaye kuwatenga maelfu mmoja mmoja bila kuwaua.

5.0 Aliyesalia

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru. Miaka ya misukosuko ikafuata, na vifaranga wale wakasahauliwa kwa kadiri kubwa. Katika miaka ya 1970 ilithibitika kwamba katikati ya Ziwa Kivu sasa palikuwa na samaki wengi wa ukoo wa dagaa. Walipochunguzwa, wote walikuwa Limnothrissa. Ndagala aliyetajwa katika kichwa cha taarifa hakuacha uzao.

Sababu za tofauti hiyo zinahusiana na mwanzo wa maisha. Ndagala ni samaki wa maji ya wazi. Mayai yake hutagwa humo na kuzama polepole, yakianguliwa yangali safarini. Lumbu hutegemea zaidi kandokando ya ziwa. Vifaranga wake hukaa karibu na fuo na katika ghuba, kisha wakikua huelekea katikati. Aidha, mlo wake ni mpana: hula planktoni, wadudu, na hata watoto wa jamii yake mwenyewe. Katika ziwa geni, lenye tabaka jembamba la maji yafaayo, samaki asiyechagua chakula na anayelea watoto wake ufuoni alikuwa na nafasi bora. Jambo kama hilo lilionekana kusini pia. Lumbu alipelekwa Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, akastawi kwa jina la kapenta, kisha akateremka na mto Zambezi hadi bwawa la Cahora Bassa huko Msumbiji.

Mwaka 1979 mradi wa Umoja wa Mataifa uliokuwa Gisenyi ulianza kuendeleza uvuvi wa samaki huyu kwa taa na nyavu za kuinua. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ikawa sura ya kawaida ya usiku wa Kivu. Watafiti wa Bukavu nao wakamfanya somo lao. Tasnifu ya Kaningini Mwenyimali ya mwaka 1995, kuhusu ukuaji, uzazi na uvuvi wa Limnothrissa katika bonde la Bukavu, ni miongoni mwa kazi za msingi.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1986 H. Dumont aliuliza katika makala yake kama sadini wa Tanganyika hakuwa maafa mengine ya mazingira barani Afrika. Alionyesha kwamba planktoni ilikuwa imepungua sana ikilinganishwa na nyakati za Verbeke, na kwamba kijidudu mkubwa wa jamii ya Daphnia alikuwa ametoweka. Alihofu kuwa samaki atamaliza chakula chake, kisha yeye mwenyewe aporomoke. Kuporomoka huko hakukutokea. Vipimo vya mwangwi wa sauti vya miaka ya 1980 na vile vya mwaka 2008 vilikadiria wingi wa samaki usiotofautiana sana, wa tani elfu kadhaa. Hasara ya Daphnia, hata hivyo, haikurudishwa. Mwaka 1995 Hauser, Carvalho na Pitcher walichapisha ulinganisho wa maumbile na urithi wa sambaza wa Kivu na ndugu zake wa Tanganyika, miaka 34 baada ya kutenganishwa. Mtoto aliyehamishwa bila jina alikuwa amekwisha kuwa somo la sayansi.

6.0 Suala la majina

Msomaji wa jarida la Kiswahili anaweza kuuliza habari hizi zinaihusu lugha kwa vipi. Zinaihusu kwa sababu majina ya samaki huonyesha ni nani anayetazama na kwa haja gani. Tuchukue neno dagaa. Kigoma ni ndagala na lumbu. Ziwa Viktoria ni Rastrineobola argentea, aitwaye omena na Wajaluo na mukene nchini Uganda, ambaye kwa nasaba ni wa ukoo mwingine kabisa. Pwani ni samaki wadogo wa baharini wa aina nyingi. Neno hili huainisha kwa ukubwa, kwa namna ya kuanika na kwa namna ya kupika. Ni uainishaji wa mlaji, nao ni sahihi kwa kazi yake.

Uainishaji wa mvuvi ni mwembamba zaidi. Wavuvi wa kaskazini mwa Tanganyika walitenga ndagala na lumbu kwa majina mawili, kwa kuwa walijua ukubwa, mahali na majira ya kila mmoja. Uainishaji wa tatu, ule wa mwenye kuhifadhi mbegu, unahitaji majina ya yai na kiluwiluwi, na hapo ndipo lugha inapopungukiwa. Kiluwiluwi katika matumizi ya kawaida ni mtoto wa chura au wa mbu. Buu ni wa nzi. Kifaranga ni wa kuku, ingawa wafugaji wa samaki nchini Tanzania wamekwisha kuliazima neno hilo. Hata fasihi simulizi huelekea kutaja walio wakubwa. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Biebuyck na Mateene mwaka 1969, umekipa kilindi mwenyewe wake, Mukiti, nyoka wa maji. Kiluwiluwi hana mtambaji wake.

Jina sambaza nalo linastahili kutazamwa. Msemaji wa Kiswahili husikia ndani yake kitenzi kusambaza, na kweli samaki huyu amesambaa. Lakini kwa yule anayemjua lumbu wa Uvira na sambaza wa Goma kama samaki wawili, undugu wao hufichika. Jina jipya katika ziwa jipya limefuta kumbukumbu ya safari.

7.0 Hitimisho

Mambo haya si ya kale tu. Mahali pa malezi ya sambaza ni ufuoni na katika ghuba, na huko ndiko nyavu za matundu madogo sana, hata vyandarua vya mbu, hukokotwa. Ghuba ya Kabuno, inayogusa Masisi, imetengwa na ziwa kuu na kizingiti chenye kina cha mita kumi hivi, na maji yake yenye oksijeni ni ya juu tu. Samaki wa ghuba kama hiyo hawana pa kukimbilia. Avuaye huko kwa chandarua huona dagaa wadogo tu wa kitoweo cha siku hiyo. Hana neno linalomwambia kwamba alichokibeba ni mavuno ya mwaka ujao.

Waathiriwa wa upungufu wa neno hilo hawako ufuoni peke yake. Tangu mwaka 1993, machafuko yalipozuka Walikale na kuenea Masisi, watu wa wilaya hizo wamehamishwa mara nyingi, wakiacha mashamba na mifugo. Kwa aliyepoteza ng'ombe na mihogo, kopo la sambaza wakavu ni miongoni mwa vyakula vya mwili vilivyobaki karibu na uwezo wake, na bei yake huanzia katika mayai yaliyoachwa yaangue.

Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, alionekana Kivu bila mtu kutangaza kumleta. Naye hula katika maji yaleyale. Mlango uliofunguliwa mwaka 1959 haujafungwa, na kwa hiyo wajibu wa kutambua kila kinachopita ungali nasi. Tunapendekeza kwamba wanaisimu na wanabiolojia wakutane na wavuvi wa Sake, Goma, Bukavu na Uvira, wakusanye maneno wanayotumia kwa kila umri wa samaki, na kuyaingiza katika kamusi za Kiswahili pamoja na yai, kiluwiluwi na kifaranga. Samaki mkunje angali mbichi, husema methali. Kisa cha Kivu kinaongeza sharti moja: kabla ya kumkunja, mjue ni samaki gani.